Sufuria la umeme la lita 150 katika jiko la zamani la halmashauri: linafaa, ila anza na nyaya

Tuanze na jibu, wenye haraka wasisubiri. Sufuria la umeme la kuinamisha, la lita 150, lenye kuta mbili na elementi za kilowati 18, ni kifaa kizuri kwa jiko la shule, kituo cha afya au hospitali ya halmashauri. Linapika ugali, maharage, wali, uji na chai. Halitoi moshi. Mpishi aliyezoea kuni analielewa ndani ya siku mbili. Kasoro zake zinajulikana na karibu zote zinatibika. Lakini likipelekwa kwenye jengo la miaka ya 1970 lenye nyaya zilezile za miaka hiyo, litazima meinswichi siku ya kwanza, na wiki ya pili litakuwa limefunikwa turubai huku kuni zikiendelea kuwaka nje. Kwa hiyo tathmini hii inalihusu sufuria, na inalihusu jengo zaidi.

Kwa nini suala hili limekuwa la haraka, kila mhasibu wa shule anajua. Serikali ya Tanzania ilizuia kuni na mkaa kwa taasisi zinazoandaa chakula cha watu zaidi ya 100 kwa siku kufikia 31 Januari 2024, na zile za watu zaidi ya 300 kufikia 31 Januari 2025. Juu yake upo Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania. Taasisi nyingi zimekimbilia gesi na mkaa mbadala, kwa sababu havidai chochote kwa jengo: unaleta mtungi, unaweka jiko, unapika. Umeme unadai. Ukitimiziwa madai yake, unalipa.

Kwanza kifaa chenyewe. Ni beseni kubwa la chuma kisichoshika kutu, limewekwa ndani ya beseni jingine, na kati ya kuta hizo mbili kuna maji lita 15 hadi 20. Elementi zimezama kwenye maji hayo, hazigusani na chakula. Maji yanageuka mvuke, mvuke unapasha ukuta wa ndani pande zote, na valvu ya usalama inafunguka presha ikifika kama baa 0.5. Kwenye presha hiyo mvuke una joto la nyuzi 111 hivi, basi, haupandi zaidi. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya sufuria hili: uji wa maziwa hauungui chini, maharage hayashiki, na ukoko wa ugali unakuwa mwembamba unaolainika kwa maji ya uvuguvugu bila kukwanguliwa kwa kisu. Pembeni kuna gurudumu la kuinamishia, geji ya presha, kioo au taa ya kiwango cha maji ya ndani, na kisanduku cha swichi chenye kontakta, yaani swichi kubwa inayowasha na kuzima elementi.

Sasa hesabu, maana wauzaji huandika muda wa kuchemka ambao hautimii jikoni. Kupandisha lita 100 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji uniti 8.7, kwa fizikia tupu. Asubuhi sufuria likiwa la baridi, ongeza uniti 3 za kupasha chuma na maji ya ndani, pamoja na joto linalopotea hewani. Jumla ni kama uniti 12.5, sawa na dakika 40 hadi 45 kwa kilowati 18. Mkupuo wa pili, sufuria likiwa tayari lina moto, unachukua dakika 30 na kidogo. Mtu akikuahidi dakika 20, mwambie achemshe mbele yako.

Hesabu hiyo inashika umeme ukiwa volti 230 kati ya fezi (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya wa kuurudisha). Ukishuka hadi 200, jambo la kawaida mwisho wa laini ndefu za vijijini, watu hudhani nguvu imepungua kidogo tu kwa sababu volti 30 zinaonekana chache. Elementi haifanyi kazi hivyo. Nguvu yake inashuka kwa mraba wa volti: 200 gawanya kwa 230, zidisha kwa yenyewe, unapata 0.76. Kilowati 18 zinageuka 13.6, na ile dakika 42 inakuwa 55. Chakula cha saa saba kinatoka saa saba na nusu, wanafunzi wanakosa kipindi, na lawama inamwangukia mpishi. Kabla ya kununua, pima volti mahali litakapokaa sufuria, saa nne asubuhi na saa moja jioni, kwa siku tatu. Kama zinashuka chini ya 210 kabla hata hujaongeza mzigo, dai lako la kwanza ni transfoma au laini, sufuria lingoje.

Kwenye mapishi, ugali ndio mtihani. Sufuria la lita 150 halisongi lita 150 za ugali. Jaza theluthi mbili, la sivyo mwiko unamwaga. Maana yake ni maji lita 70 na unga kilo 35 kwa mkupuo. Kwa gramu 250 za unga kwa kichwa, hao ni wanafunzi 140. Shule ya wanafunzi 400 inahitaji mikupuo mitatu, na kila mkupuo, kuchemsha mpaka kupakua, ni karibu saa nzima. Kwa hiyo shule hiyo inunue masufuria mawili ya ugali na moja la mboga. Likinunuliwa moja tu kwa kubana bajeti, kuni zitarudi kabla ya muhula kuisha.

Kusonga ugali wa kilo 35 za unga ni nguvu nyingi, na nguvu hiyo inaishia kwenye miguu ya sufuria. Wapishi wawili wakiwa na miko ya mita moja wanaweza kulisogeza sufuria lisilofungwa mpaka bomba la waya likatike. Lifungwe sakafuni kwa bolti nne za milimita 12. Sakafu nyingi za majiko ya zamani ni saruji nyembamba juu ya kifusi, bolti inang'oka nayo. Vunja, mwaga zege jipya la sentimita 10, acha likomae wiki mbili ndipo utoboe. Ukipata nafasi ya kuchagua kati ya sufuria lenye bomba la kumwagia chini na la kuinamisha, chukua la kuinamisha. Ugali haupiti kwenye bomba, na uji uliogandia kwenye koki ni kazi chafu ya kila siku.

Maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva kwa saa moja na nusu hadi mbili baada ya kuchemka, na sufuria likifunikwa linatumia kilowati 3 au 4 tu kwa muda huo. Wapishi wafundishwe jambo hili mapema: swichi ikigeuzwa chini baada ya kuchemka, maharage hayacheleweshwi hata dakika. Maji yanayochemka kwa fujo na yanayochemka kwa utulivu yana joto lilelile. Nyanda za juu kama Mbeya na Njombe maji huchemka kwenye nyuzi 94 au chini yake kidogo, kwa hiyo maharage yanachelewa. Huko tunashauri sufuria la tatu, la mboga, liwe la presha. Masufuria makubwa ya presha ya umeme yapo, ya lita 40 na zaidi, na kwa makande, nyama ya ng'ombe na maharage hayana mshindani kwa kubana umeme. Masharti mawili tu: maharage yasizidi nusu ya chombo, kwa sababu povu na maganda huziba valvu, na gasketi ya mpira ikaguliwe kila mwezi, ya akiba iwe stoo. Kwa ugali ni bure. Ugali unataka mdomo wazi.

Majiko ya induksheni ya taasisi tunayaweka nafasi ya tatu kwa majengo haya. Yana kasi, hilo halibishaniwi, lakini masufuria ya aluminiamu yaliyojaa stoo za shule hayashiki moto hata kidogo. Lete sumaku, isiponata chini ya sufuria, induksheni haitalipasha. Feni zake hunyonya vumbi la unga na mvuke wa mafuta, na bodi ya ndani ikiungua kwa umeme kupanda na kushuka, fundi wa wilayani hana la kufanya. Elementi iliyoungua kwenye sufuria la kuinamisha anaibadilisha kwa spana mbili na mita.

Sasa jengo.

Kilowati 18 kwenye umeme wa njia tatu, yaani wa fezi tatu, ni ampea 26 kwa kila fezi. Breka ya 32 inatosha, na waya wa shaba wa milimita 6 za mraba unafaa kwa umbali wa mita 40. Zaidi ya hapo weka wa 10. Masufuria matatu ni ampea 78 kwa kila fezi. Hapo kebo kutoka mita hadi jikoni iwe ya shaba ya milimita 25 yenye nyaya nne, yenye ngao ya chuma, ifukiwe sentimita 50 au zaidi na utepe wa tahadhari juu yake. Linganisha na hali utakayoikuta: majengo mengi ya zamani yana njia moja ya ampea 60, yaani kilowati 13.8 kwa jengo zima, taa na pasi ya mwalimu zikiwemo. Haitoshi hata sufuria moja.

Kuomba njia tatu kwa TANESCO, shirika la umeme, ni hatua ya lazima, lakini usiishie kwenye fomu. Nenda chini ya nguzo usome bamba la transfoma. Ya kVA 50 (kVA ni kipimo cha uwezo wa transfoma) ina ampea 72 tu kwa kila fezi, kwa kijiji kizima. Masufuria yako matatu yanataka 78. Ya kVA 100 ina 144, na hapo pana mazungumzo. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na hazitafika jikoni kama sanduku la chuma la nguzo ya mwisho ni dogo. Ombi la kuongezewa transfoma liandikwe siku ileile na ombi la njia tatu, likiwa na orodha ya vifaa na kilowati zake, kwa sababu ndilo linalochukua muda mrefu kuliko yote.

Wakati ukingoja, panga zamu. Sufuria la kwanza liwashwe saa kumi na mbili asubuhi, la pili dakika 40 baadaye, la tatu vivyo hivyo. La kwanza likishachemka linashuka hadi kilowati 4, na mzigo wa juu kabisa wa jiko unapungua karibu nusu. Swichi ya saa ya kufungia kwenye kisanduku inafanya kazi hiyo bila kumtegemea mtu.

Ndani ya jengo, usiunge chochote kwenye nyaya za zamani. Katika majiko ya kuni masizi hukaa juu ya nyaya kwa miaka, joto hukausha mpira wake, na ukiukunja kidogo unapasuka kama ganda la karanga. Majengo ya kale zaidi yana nyaya za mpira uliozungushiwa kitambaa. Hizo hazikarabatiwi, zinang'olewa. Na ukitazama juu ukaona paa la asbestosi, fundi asitoboe wala kukata hapo. Mabomba ya waya yapite ukutani, chini ya lenta.

Jambo ambalo tungependa kila msimamizi wa kazi alijue kwa moyo ni rangi. Nyaya za zamani hapa kwetu, kwa mfumo wa Kiingereza, fezi zake ni nyekundu, njano na bluu, na nyutro ni nyeusi. Kebo mpya zinazouzwa leo, fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni bluu. Soma tena: nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni fezi, na bluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro. Fundi anayeunganisha kwa macho, nyeusi kwa nyeusi na bluu kwa bluu, anaipeleka volti 400 kwenye taa na kompyuta za jengo. Kinga ni dakika mbili za mita kabla ya kuwasha: kati ya kila fezi na nyutro isome 230, kati ya fezi na fezi 400. Ukipata 400 mara mbili na 230 mara moja unapopima kutoka kwenye nyutro, hiyo uliyoishika siyo nyutro. Kisha kila maungio ya rangi ya zamani na mpya yaandikwe L1, L2, L3 na N kwa lebo isiyofutika.

Nyutro hiyohiyo ina ugonjwa wa pili, wa kulegea. Laini ya juu ni ya aluminiamu na kebo yako ni ya shaba. Zikikazwa pamoja bila kiunganishi cha metali mbili, zinaliwa na unyevu, na mahali pa kwanza kuachia mara nyingi ni nyutro. Sufuria halitasikia kitu, kwa kuwa elementi zake tatu zinalingana. Vitakavyoungua ni taa, friji ya chanjo na kompyuta vilivyo kwenye njia mojamoja, vikipokea volti 300 na zaidi. Ukiona taa za chumba kimoja zinawaka kupita kiasi na za chumba cha pili zimefifia, zima meinswichi papo hapo.

Ethi nayo, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Majengo mengi ya zamani yalifungwa ethi kwenye bomba la maji la chuma, na ilifanya kazi vizuri mpaka mamlaka ya maji ilipobadilisha mabomba kuwa ya plastiki. Waya wa kijani bado umefungwa palepale, unaonekana mzima, na haufiki ardhini. Mpishi aliyesimama kwenye sakafu yenye maji, akishika sufuria la chuma, ndiye anayebaki kuwa ethi. Piga fimbo mpya za chuma chenye gamba la shaba, za milimita 16 na urefu wa mita 1.5, mbili au tatu, zikiachana kwa umbali usiopungua urefu wake, uziunge kwa waya wa shaba wa milimita 16 za mraba. Pima usome chini ya omu 10, na upime mwezi wa kumi ardhi ikiwa kavu. Dodoma na Singida kipimo cha masika kinadanganya. Juu ya hayo, kila sufuria liwe na breka ya kuvuja umeme ya miliampia 30. Kwa ethi ya fimbo, breka ya kawaida peke yake haikati umeme kwa haraka mtu akipigwa.

Swichi ya kukatia iwe ukutani, mahali mkono unafika bila kupita juu ya sufuria, kimo cha mita 1.5, na kisanduku chake kiwe cha kuzuia maji, kwa sababu jiko la taasisi huoshwa kwa mpira wa maji na hakuna amri itakayobadilisha hilo. Tundu za kupitishia waya zizibwe. Sisimizi na mijusi wanapenda joto la kontakta.

Kuhusu gharama ya kuendesha, hesabu ya shule ya wanafunzi 400, ugali na maharage mchana, ni uniti 45 hadi 50 kwa siku. Kwa bei ya matumizi ya kawaida, kundi la T1, takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, ni shilingi 16,000 hadi 18,000, yaani shilingi 40 hadi 45 kwa mwanafunzi. Kwa siku 22 za mwezi ni kama uniti 1,100, mbali sana na uniti 7,500 zinazompeleka mteja kundi la T2 lenye malipo ya kVA. Chukua kitabu cha stoo uone kuni za mwezi uliopita ziligharimu kiasi gani, pamoja na usafiri wa lori na kupasua, ulinganishe mwenyewe. Mita ya jiko iwe peke yake, tofauti na ya ofisi na mabweni. LUKU, umeme wa kulipia kabla, ikiisha saa tano asubuhi kwa sababu ya pasi na hita za bwenini, ugali unabaki mbichi sufuriani na hauokoleki. Pawepo kiwango kilichokubaliwa, tuseme uniti 150, ambacho kikifikiwa mhasibu ananunua bila kuandikiwa barua.

Umeme hukatika. Jiko moja la gesi lenye sufuria la lita 100, au jiko sanifu la mkaa mbadala, libaki kwa siku hizo. Jenereta ya kuendesha kilowati 54 ni kubwa na dizeli yake itameza fedha zote zilizookolewa. Iache kwa ajili ya wodi na maabara.

Vinavyoharibika, kwa mpangilio wa mara kwa mara.

Skurubu za nyaya hulegea. Elementi inapasha na kupoa, waya unatanuka na kusinyaa, na baada ya mwezi mmoja skurubu iliyokazwa vizuri inazunguka robo. Kuna harufu ya plastiki iliyochomeka, kisha waya unakuwa mweusi. Kaza zote siku ya 30, halafu kila miezi sita, umeme ukiwa umezimwa na kufungwa kufuli.

Breka ya kuvuja inaruka siku ya kufungua shule. Hili linawachanganya wengi, na wengine huiondoa breka wakidhani ni mbovu. Ndani ya elementi mna unga mweupe wa kuzuia umeme, na unga huo hunyonya unyevu kupitia ncha zilizochakaa, sufuria likikaa likizo nzima bila kuwashwa. Chukua megga, mita ya kupima kinga ya umeme, pima kwa volti 500 elementi mojamoja zikiwa zimefunguliwa nyaya. Nzima inasoma makumi au mamia ya megaomu. Iliyo chini ya moja usiiwashe. Kausha ncha zake kwa kipulizia joto kwa saa kadhaa, au itoe uikaushe kwenye tanuri la nyuzi 120, kisha pima tena. Isipopanda, badilisha. Kinga yake ni rahisi: wakati wa likizo mlinzi au mpishi awashe sufuria nusu saa kila wiki, likiwa na maji lita 30.

Maji ya ndani ya kuta. Mvuke huvuja kidogokidogo na kiwango kinashuka. Kikishuka sana, kinga ya joto inazima sufuria na wapishi wanaita fundi wa umeme, kumbe dawa ni lita nne za maji. Yawe maji yaliyochujwa chumvi, yale ya betri yasiyo na asidi. Maji ya kisima chenye chumvi, na Dodoma mnayajua, hutanda magamba juu ya elementi mpaka inajichoma yenyewe ndani ya muda mfupi. Geji ikikaa bila kupanda huku sufuria likiwaka, hewa imenaswa ndani: fungua koki ndogo ya juu mpaka utoke mvuke safi, funga.

Elementi ikikatika moja, sufuria linaendelea kufanya kazi, ila polepole, na watu hulizoea. Klampu mita (mita inayobana waya na kusoma ampea) kwenye fezi tatu inamaliza ubishi: 26, 26, 26 ni nzima, 26, 26, sifuri ni elementi au mguu wa kontakta, na unapika kwa kilowati 12.

Mwisho, madoa na vitobo vya chuma. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isiguse sufuria, na chumvi itiwe maji yakishachemka huku ikikorogwa; chembe za chumvi zilizotulia chini ya maji baridi hutoboa chuma kama sindano. Pwani, ambako hewa yenyewe ina chumvi, andika kwenye zabuni chuma cha daraja la 316 kwa beseni la ndani. Bara, 304 inatosha, na ukaguzi wa kwanza ni sumaku ileile: isinate kwa nguvu, ingawa kutonata peke yake hakuthibitishi daraja.

Zabuni inapopandishwa NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, sufuria na nyaya viwe vipande viwili vyenye wakaguzi tofauti, kwa sababu muuzaji wa masufuria atakayepewa pia kazi ya nyaya ataipa kibarua. Kazi ya nyaya ifanywe na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ya daraja linaloruhusu njia tatu, au TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme. Orodha ya vipuri iwe ndani ya bei: elementi tatu, kontakta moja, valvu ya usalama moja, gasketi ya elementi sita. Bila hivyo, elementi moja itafuata njia ya zabuni mpya, na jiko litangoja robo mwaka.

Na siku ya kupokea, usitie saini kwa kuangalia mng'aro. Jaza lita 100 kwa ndoo ya lita 20 mara tano, pima joto la maji, washa, andika saa. Kila dakika kumi andika volti na ampea za fezi tatu. Maji yakichemka ndani ya dakika 45 na volti hazikushuka chini ya 220, bonyeza kitufe cha majaribio cha breka ya kuvuja; lazima izime papo hapo. Shika kwa nyuma ya mkono kisanduku cha swichi na kebo inapoingia: vuguvugu ni sawa, moto wa kukutoa mkono siyo. Inamisha sufuria likiwa na maji hadi mwisho, lirudishe, tazama kama bolti za sakafuni zimecheza. Ndipo utie saini.